Dhoruba Haina Wastani

Gerezani, 11 Februari

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umekula, na umelala kama binadamu anavyostahili kulala. Mimi ni mzima. Baba yako alipita hapa wiki iliyopita. Goti lake bado linamsumbua, lakini ulimi wake haujambo, na saa za watu anazozitengeneza bado zinatoka kwake zikiwa zimechelewa kuliko zilivyoingia. Binamu yako Mrefu amepata mtoto wa pili, wa kike, anayelia kama king'ora. Wamempa jina langu bila kuniomba ruhusa. Nimekasirika kiasi, kisha nimemfumia kofia.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha mezani. Mwezi uliopita kituo chenu cha hali ya hewa kilitangaza kwamba dhoruba ingepita mjini petu. Ramani ilitoka gazetini na kwenye televisheni: mstari mmoja mwekundu, umenyooka kutoka baharini hadi kwenye ukuta wa gereza langu, kana kwamba mtu ametulenga kwa rula. Unajua gereza hili la wanawake lilivyojengwa. Bweni la chini, wanamolala wenye watoto wachanga, limetenganishwa na bahari kwa ukuta tu. Niliuona mstari, nikauamini. Niliazima malori, nikawapakia wafungwa wote, nikawapeleka bara katika ghala la nafaka.

Dhoruba haikuja. Sitii chumvi: huko ghalani hata nguo iliyoanikwa haikuanguka. Tulikaa ghalani na mende, jua likiwaka. Siku ya kurudi, mfungwa mmoja, fundi wa kushona, aliomba kushuka kwenda haja, na haja yake haijaisha hadi leo. Makao makuu yamenipa karipio la maandishi, la kwanza katika utumishi wangu. Askari wangu wananiita Mama Tufani, wakidhani sisikii. Juzi mmoja aliona kijiwingu akapaza sauti, "Malori jamani!" Lindo zima likaangua kicheko.

Wewe ndiye uliyesomeshwa na ukoo huu ili ukae mbele ya picha zinazopigwa kutoka angani. Nieleze kwa lugha ya kueleweka: mliona nini, na mkachora nini?

Shangazi yako.


Kituoni, 8 Machi

Shangazi, shikamoo.

Niwie radhi kwa kuchelewa. Barua ya kwanza niliichana kwa sababu ilikuwa na matusi, na ya pili kwa sababu ilikuwa na hesabu. Mimi ni mzima. Jirani yangu wa chumba cha pili anajifunza tarumbeta, na kwa miezi miwili sasa amekwama kwenye noti ileile. Mpe pole Baba kwa goti. Mtoto wa Mrefu akikua na ukali wako, wamwombee mumewe mapema.

Picha hazikukosea. Tuliiona dhoruba tangu ilipokuwa rundo la mawingu lisilo na umbo, tukaiona ikijifunga na kufumbua jicho. Lakini picha ya setilaiti husema dhoruba iko wapi. Haisemi iendako. Kwa hilo tuna modeli: tunaipa kompyuta hali ya hewa ya leo na kuiuliza ya kesho. Wala hatuiulizi mara moja. Tunairudia mara nyingi, kila mara tukibadilisha kidogo yale tuliyoyapima, kwa kuwa vipimo vyetu vina mapengo, hasa katikati ya bahari. Kila jibu ni mstari. Mistari ikisongamana, tunajua. Safari hii haikusongamana. Nusu ilikata kaskazini mwenu, nusu kusini mwenu. Katikati, mlipo ninyi, palikuwa peupe. Hakuna jibu hata moja lililopita juu ya gereza lako.

Ila mkurugenzi wetu, ambaye tunamwita Bwana Rula, ana desturi yake. Ramani lazima itoke na mstari mmoja, nao ni wastani wa mistari yote. Ukimwuliza mtu njia ya sokoni akakuambia zunguka ziwa kwa kushoto, na mwingine akakuambia zunguka kwa kulia, Bwana Rula atajumlisha, atagawanya, na atakutuma katikati.

Nilimwambia. Akanijibu, "Binti, wananchi hawataki mjadala. Wanataka mstari."

Dhoruba ilishika kusini. Iliwapiga watu wa mashamba ya chumvi, ambao ramani yetu iliwaonyesha kuwa salama. Wewe ulipoteza fundi mmoja wa kushona. Wao walizika.

Tangu siku ile ninakataa kuweka jina langu chini ya mstari mmoja palipo na njia mbili. Na hao wanaokucheka waulize swali moja: kama ingeshika kaskazini, leo wangekuwa wanachekea wapi?

Mwanao.


Gerezani, 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Baba yako amenunua fimbo ya kutembelea, sasa anaitumia kuwaonyesha watu makosa yao. Mtoto wa Mrefu ameikataa kofia.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekuta mdomo. "Ninakataa" si neno la mtumishi. Mtumishi hushauri kwa maandishi, kisha hutii. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, na hivyo ndivyo nilivyofika hapa nilipo bila kumpigia mtu magoti.

Habari ya watu wa chumvi sikuijua hivyo. Redio ilisema "athari kadhaa". Niliwasomea askari sehemu hiyo ya barua yako kwenye gwaride. Hakuna aliyecheka, na yule wa malori aliangalia viatu vyake.

Makao makuu yametoa waraka mpya. Hakuna mfungwa atakayehamishwa kwa sababu ya hali ya hewa bila kibali chao cha maandishi. Nilipoomba kibali cha kuchimba choo, kilifika msimu mzima baada ya choo cha zamani kubomoka. Hata hivyo, waraka ni waraka. Nitautii.

Nina swali. Mhandisi wetu alikuja, akagonga mabati, akasema paa likifungwa barabara hakuna cha kuogopa. Kinachoua ni nini hasa, upepo au maji? Jibu kwa ufupi. Sihitaji hesabu.

Shangazi yako.


Kituoni, 21 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzima na kazini ni shwari. Tarumbeta imepata noti ya pili. Jengo zima tulipiga makofi.

Maji. Mwambie mhandisi ashuke kwenye paa.

Dhoruba huzunguka kama maji yanayoingia katika tundu la sinki. Ikipita kaskazini mwenu, ninyi mtakuwa upande ambao upepo wake unaisukuma bahari kuja nchi kavu, na bweni la chini litajaa kabla hujamaliza kutafuta funguo. Ikipita kusini mwenu, upepo utatoka bara na kuirudisha bahari nyuma. Dhoruba ni ileile na nguvu ni ileile. Upande mmoja mnazama, upande wa pili mnabaki na matope. Ndiyo maana mstari wa katikati unanichoma. Unamwambia kila mtu jambo ambalo halitamtokea yeyote.

Huo waraka wenu usikutishe. Msimu ujao nikiona njia mbili, nitakupigia simu wewe kabla ya taarifa yoyote kutoka. Hutahitaji redio wala Bwana Rula. Utajua kabla ya wengine, ujipange kimyakimya.

Mwanao.


Gerezani, 4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Unasema kazini ni shwari. Baba yako amenieleza kwamba umeondolewa kwenye zamu ya utabiri, ukapelekwa chumba cha kumbukumbu kupanga ramani kuukuu zinazonuka uvundo. Amelisikia kwa rafiki yako. Mimi nimelisikia kwa fundi saa. Kama huoni aibu kuondolewa, kwa nini umenificha? Kama unaona aibu, basi hukukataa kwa dhati.

Asante kwa jibu la maji. Nimeenda na kamba kwenye bweni la chini, nimepima toka sakafuni hadi dirishani. Sitakuambia nilichokifikiri.

Simu yako siitaki.

Usinune, soma hadi mwisho. Ukinipigia mimi peke yangu, utakuwa umeniokoa kwa kuwa baba yako ni mdogo wangu. Nyuma ya ukuta wetu kuna muuza mkaa aliyejenga kibanda akakiegemeza kwenye mawe ya serikali. Nimemfukuza mara tatu, amerudi mara nne. Je, yeye ana mpwa katika kituo chenu? Watu wa chumvi walikuwa na mpwa? Jambo likiwa kweli, linasemwa hadharani, kwa sauti, ili hata mtu nisiyempenda alisikie. Likinong'onwa ni upendeleo, na mimi nimewafunga watu kwa kosa la upendeleo.

Unaniandikia kwamba unakataa. Kumbe unakataa chumbani na kunong'ona kwenye simu. Huo si ukaidi. Huo ni udaku wenye shahada.

Shangazi yako.


Kwangu, 9 Desemba

Shangazi, shikamoo.

Ulinikasirisha. Ndiyo maana sikukujibu tangu Mei, wala sitasingizia posta. Neno "udaku" lilikaa nami chumba cha kumbukumbu miezi yote hiyo, mimi na ramani na panya. Baba hajambo. Aliniletea saa aliyoitengeneza mwenyewe. Imesimama.

Msimu ulipoanza watu walikuwa wachache, wakanirudisha kwenye zamu. Wiki iliyopita dhoruba ikafumbua jicho. Niliendesha modeli asubuhi, nikarudia, nikaongeza vipimo vya meli moja iliyokuwa karibu. Nusu kaskazini mwenu, nusu kusini. Katikati peupe. Bwana Rula alikuja akasimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai.

"Chora mstari."

"Niupitishe wapi, mzee? Nionyeshe hata jibu moja linalopita hapa."

"Tafuta wastani."

"Mimi niko chumbani, wewe uko barabarani. Wastani wetu ni mtu aliyekwama ukutani."

Wenzangu walichekea ndani ya vikombe vyao. Yeye hakucheka. "Ukisema njia mbili, watasema hatujui."

"Hatujui, mzee. Tuwaambie hivyo. Lakini tunajua ni moja kati ya mbili, na tunajua kila moja itafanya nini."

"Nikirudi kutoka mkutanoni nikute mstari."

Alipotoka, saa ya taarifa ya redio ilikuwa imewadia. Nilimpigia mtangazaji, nikamsomea neno kwa neno: dhoruba ina njia mbili na haina ya kati. Ikishika kaskazini, bahari itapanda mjini kwenye gereza. Ikishika kusini, itapanda kwenye mashamba ya chumvi. Hatujui itashika ipi. Walioko chini, pande zote mbili, wapande leo. Nilitaja jina langu mwishoni. Mtangazaji akauliza, "Mkurugenzi ameidhinisha?" Nikamwambia, "Mkurugenzi yuko mkutanoni. Bahari haina mkutano."

Alasiri hiyohiyo niliambiwa nikae nyumbani hadi uchunguzi wa nidhamu uishe. Sasa naangalia mawingu dirishani kama mtu yeyote.

Imeshika kusini, Shangazi. Watu wa mashamba ya chumvi walikuwa wamehama. Nyumba zimekwenda, lakini safari hii hawakuzika mtu.

Kwenu haikuja. Sikukupigia simu. Ulinikataza, na hiyo ndiyo amri pekee niliyoitii mwaka huu. Sasa laini za huko zimekatika na sijui ulifanya nini. Kama uliwahamisha wafungwa bila kibali, nimekutia matatani mara ya pili kwa dhoruba ambayo haikufika. Sitakuomba radhi. Kesho ningesema vilevile. Ila niandikie.

Mwanao.


Gerezani, 28 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Sote tu wazima. Mrefu alipoteza mabati mawili tu. Baba yako anasema saa yako haijasimama, inapumzika.

Nilikuwa uani, na redio ilikuwa kwenye dirisha la jiko. Sauti ilikuwa ya mtangazaji, lakini maneno niliyatambua, na ulipotajwa jina niliwaambia waliokuwa karibu wakae kimya. Niliomba kibali makao makuu papo hapo. Jibu lilikuja: "Njia mbili maana yake hawajui. Subiri."

Mimi sibishani na waraka. Niliusoma hadi mwisho. Unasema wafungwa wasihamishwe kwa sababu ya hali ya hewa. Hausemi wasifanye kazi. Kanuni inampa mkuu wa gereza haki ya kuwatoa kwenda kazi za nje kwa saini yake mwenyewe, na machimbo yetu ya kokoto yako juu ya kilima, tena yana banda la mashine lenye kuta za mawe. Niliandika: wafungwa wote, kazi ya kokoto.

Sajini alisoma, akasoma tena. "Hata wachanga, afande?"

"Wachanga watasimamia."

"Na magodoro haya?"

"Ya kukalia. Kokoto zinaumiza."

"Na sufuria za jikoni?"

"Sajini, unataka kazi ifanyike au unataka kunihoji?"

Walipanda kwa miguu, nyundo begani, watoto mgongoni. Nilimtuma askari nyuma ya ukuta amwulize muuza mkaa kama ana nafasi ya kibarua kilimani. Alikuja na mke, watoto, mbuzi, na gunia la mkaa ambalo hatimaye ndilo lililotupikia uji. Nilifunga lango mwenyewe nikawafuata.

Mchana upepo ulianza kuvuma kutoka bara, na mvua ikapiga banda kama changarawe. Kisha bahari ikaanza kuondoka. Tuliiona yote kutoka kilimani. Bomba la maji machafu, ambalo sikuwahi kuona mwisho wake, lilionekana lote. Baada yake mawe meusi. Baada yake uwanja wa mchanga ambao haujawahi kukanyagwa na mtu. Nyapara wa wafungwa, mwanamke asiyeogopa kitu, alisogea karibu nami.

"Afande, imekwenda wapi?"

"Imekwenda mahali pengine. Ilikuwa na sehemu mbili za kwenda."

Alitazama pengo lile, akatazama bweni la chini, akawa anapima kwa macho kama nilivyopima mimi kwa kamba. Ana mtoto wa miezi minne, na hulala naye mle. Akasema, "Ingefika juu ya dirisha." Hakuna aliyetania siku ile. Jioni niliwahesabu, wote walikuwepo, na mbuzi mmoja wa ziada.

Wiki iliyofuata niliitwa makao makuu. Maofisa watatu, meza ndefu, feni inayolia. Nakuandikia kama ilivyokuwa.

"Dhoruba ilikuja?"

"Haikuja."

"Bahari ilipanda?"

"Ilishuka, bwana."

Wakatazamana. Yule wa kati akatabasamu. "Basi mama, ulikosea. Mara ya pili."

Nikawaambia: "Mara ya kwanza nilidanganywa kwa mstari. Mara hii niliambiwa kweli, na kweli yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Kila jioni ninafunga kila mlango wa gereza lile. Jioni nyingi hakuna mfungwa anayejaribu kutoroka. Asubuhi nikikuta wote wamo, je, nilikosea kufunga? Kama ndivyo, nipeni amri ya maandishi niache milango wazi, nami nitaitii."

Kisha yule wa kulia akaniuliza kokoto ngapi zilipondwa. Nikasema chache, kwa sababu ya mvua. Wakaniambia niende nyumbani nikasubiri uamuzi. Nikajibu kwamba mkuu wa gereza haachi lango kwa neno la mdomo, na nikarudi hapa.

Nilikuita mdaku. Neno hilo nimeliondoa. Lakini nikisikia umeandika barua ya kumwomba radhi huyo Bwana Rula, nitaitafuta, nitaisahihisha kwa wino mwekundu, na nitakurudishia. Usirudi kazini kwa kuomba. Waache wakuite.

Tena wataita. Leo adhuhuri redio imetangaza wingu jingine linalojifunga baharini. Aliyeandika taarifa si wewe. Jina lililotajwa mwishoni silijui, nadhani ni mmoja wa wale waliochekea vikombeni. Lakini hakutoa mstari. Amesema njia mbili, hakuna ya kati, walioko chini wapande.

Nimechukua karatasi ili niandike amri ya kazi ya kesho. Sajini hakuisubiri. Ninamwona dirishani, pamoja na yule wa malori, wanapakia magodoro.

Shangazi yako.